Reli ya mlimani iliyokata kona: namna ya kuifuatilia historia yake mjini Pittsburgh

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Bukavu, sasa tunaishi mtaa wa Allentown mjini Pittsburgh, Marekani. Chini ya barabara yetu, kwenye kichaka cha mteremkoni, kuna misingi ya mawe iliyojipanga. Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, anasema hapo palipita "incline", gari la kamba lililoshusha watu kwenda viwandani, na kwamba lilikata kona katikati ya mlima. Nimetafuta kwenye intaneti, kila ukurasa una hesabu yake: huyu anasema reli hizo zilikuwa 15, huyu 17, huyu zaidi ya 20. Nataka kuwaandikia wanangu historia ya mlima wanaokulia. Nianzie wapi?

JIBU: Mama, asante kwa swali. Umeanzia mahali pazuri, yaani kwenye jiwe uliloliona kwa macho yako na neno ulilolisikia kwa jirani. Wengi wanaoniandikia kuhusu reli za zamani huanza na tarehe waliyoinakili mahali fulani, na tarehe hiyo huwazungusha miezi mizima.

Nikupe kwanza jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa. Ukitaka historia ya reli ya mteremko, usianze na reli, anza na ardhi. Reli hizi zilikuwa mali ya kampuni ndogo ndogo. Kampuni ilipokufa, vitabu vyake vya hesabu viliweza kuishia jalalani au darini kwa mtu. Lakini mlima haukukosa mwenyewe hata siku moja. Kila kipande kilipimwa, kikauzwa, kikatozwa kodi, kikachorwa kwenye ramani, na karatasi za namna hiyo hazitupwi ovyo. Ukijua ardhi ilikuwa ya nani na lini, reli itajitokeza yenyewe katikati.

Mji wenu umekaa pale mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana na kuwa mto Ohio. Tambarare ni finyu, imebanwa kati ya maji na kuta za milima. Karne ya 19 viwanda vya vioo na chuma vilijaa kwenye tambarare hiyo, na wafanyakazi, wengi wao Wajerumani upande wenu wa kusini, wakajenga juu. Asubuhi unashuka mamia ya ngazi, jioni unazipanda ukiwa umetoka kusimama mbele ya tanuru tangu alfajiri. Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa maana ya kupanda mlima jioni na mzigo. Mlima unaotazama katikati ya mji uliitwa Coal Hill, yaani mlima wa makaa, kwa kuwa makaa ya mawe yalichimbwa humo humo na kuteremshwa chini. Jina la Mount Washington lilikuja baadaye, na hili ulikumbuke utakapoanza kutafuta.

Tarehe 28 Mei 1870 Monongahela Incline ilianza kubeba abiria, na mpaka leo inabeba. Njia yake ina urefu wa mita 194 hivi, inapanda mita 112, mwinamo wake ni nyuzi 35. Mhandisi wake, John Endres, mzaliwa wa Prussia, alitokea Cincinnati, na binti yake Caroline alifanya naye kazi ile, wakati ambapo mwanamke mhandisi lilikuwa jambo la nadra mno. Humo humo kazini Caroline alikutana na Samuel Diescher, mhandisi mzaliwa wa Budapest, wakaoana. Diescher ndiye aliyeendeleza ufundi huo: Duquesne Incline ya 1877 ni kazi yake, na vilevile ile ya Johnstown ya 1891, iliyojengwa baada ya mafuriko ya 1889 yaliyoua watu zaidi ya 2,200. Ukikuta mchoro wenye jina la Endres au Diescher, usiupite. Reli nyingi za mji wenu zinafanana kwa sababu zilitoka katika familia moja, na waandishi wengi humsahau Caroline. Wewe usimsahau.

Sasa ufundi wenyewe, maana ndio utakaokusaidia kuisoma ile misingi yako. Reli ya mteremko ni mizani. Mabehewa mawili yamefungwa kwa kamba za chuma kwenye mashine moja iliyo juu. Moja likishuka, jingine linapanda. Uzito wa behewa hili unafuta uzito wa lile, kwa hiyo mashine haibebi mabehewa, inabeba tofauti tu ya abiria wa huku na wa kule, pamoja na msuguano. Behewa limekaa juu ya fremu ya pembetatu ili sakafu ibaki sawa, mtu asimame kama amesimama sebuleni. Wapeleke watoto kituo cha juu cha Duquesne Incline, ambako kwa ada ndogo wageni huonyeshwa mashine. Mvuke uliondolewa miaka ya 1930, sasa mota ya umeme ndiyo inayozungusha, lakini gurudumu kubwa bado lina meno ya mbao, yamepachikwa moja moja. Jino likichakaa linatolewa, linawekwa jingine. Waache watoto wasimame hapo dakika tano, waone kamba inavyojikunja kwenye ngoma. Hakuna maandishi yatakayowafundisha zaidi ya hapo.

Sisi wa Afrika Mashariki nasi tuliwahi kuwa na njia ya namna hii. Reli ya Uganda ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Wakikuyu, mabehewa yalishushwa kwa kamba hadi bondeni, wakati njia ya kudumu ikiendelea kuchongwa. Njia hiyo ya muda ilitumika mpaka mwaka 1901. Ukiwasimulia wanao, waambie kwamba jibu ambalo Pittsburgh walilipata kwa mlima wao lilitumika pia karibu na Kijabe.

Turudi kwa mzee wako. Amekupa kidokezo chenye thamani kuliko anavyodhani, nacho ni ile kona. Kamba inapenda mstari ulionyooka. Kuipitisha kwenye kona kunataka puli za kuiongoza na hesabu ngumu, ndiyo maana wajenzi waliepuka kona kadiri walivyoweza. Katika mji wenu reli mbili zilijulikana kwa kupinda. Moja ni Nunnery Hill, lakini hiyo ilikuwa ng'ambo ya mto Allegheny, upande wa kaskazini, na ilikufa mwaka 1895, kabla hata baba wa mzee wako hajaanza kwenda kazini. Ya pili ni Knoxville Incline, iliyoanza mwaka 1890 na kufungwa Desemba 1960. Hii ilikuwa ndefu ajabu, mita 806 hivi, na kituo chake cha juu kilikuwa Warrington Avenue, mtaani kwenu.

Lakini usikimbilie kuandika. Mteremko huo huo ulikuwa na reli nyingine, Mount Oliver Incline, ya Endres na binti yake, iliyofanya kazi kuanzia 1872 hadi 1951. Nayo ilitokea Warrington Avenue. Chini, ya Knoxville iliishia karibu na barabara ya 11, ya Mount Oliver karibu na barabara ya 12. Ni majirani kabisa. Kwa hiyo maneno ya mzee na mawe uliyoyaona yanaweza yasiwe ya reli moja. Kumbukumbu yake ya kona ni ya Knoxville, sina shaka nayo. Mawe, tusubiri kwanza.

Na mawe yenyewe yasikudanganye. Pittsburgh ina njia za ngazi za umma zaidi ya 700, na mteremko wenu umejaa pia kuta za kuzuia udongo na misingi ya nyumba zilizobomolewa. Tazama mwelekeo. Ukuta wa kuzuia udongo unakata mlima kwa upana. Misingi ya nguzo za reli inapanda mlima kwenda juu, mara nyingi jozi kwa jozi, kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Nenda wakati wa baridi majani yakishapukutika, usiende peke yako, uliza kwanza kama eneo lina mwenyewe, na piga picha ukiwa umeweka kitu cha kupimia kando ya jiwe, hata futi ya fundi. Picha isiyo na kipimo haitakusaidia mezani.

Ukitoka hapo, ingia kwenye ramani. Kampuni ya G. M. Hopkins ilichapisha vitabu vya ramani za viwanja vya mji wenu kati ya 1872 na 1940, na Chuo Kikuu cha Pittsburgh kimeviweka kwenye intaneti bure, katika hazina yao iitwayo Historic Pittsburgh. Mimi nikifungua karatasi ya Hopkins husahau chai yangu mezani. Kila kiwanja kina jina la mwenyewe limeandikwa juu yake. Katikati ya viwanja utaona ukanda mwembamba mrefu unaopanda mlima bila kujali barabara, unakata viwanja kama kisu kwenye mkate. Huo ndio wako. Soma majina pande zote mbili za ukanda, kisha fungua kitabu cha miaka kumi baadaye, karatasi ya mahali hapo hapo. Viwanja vikubwa vimekatwakatwa, nyumba zimejaa, majina yamebadilika. Hapo utaelewa kwa nini reli ilijengwa. Pamoja na kusaidia watu wenye magoti yaliyochoka, reli iliwafaa sana wenye ardhi ya juu, kwa sababu kiwanja kisichofikika ni bei ya shamba, na kiwanja kilicho dakika chache kutoka kiwandani ni bei ya mjini.

Ziko pia ramani za bima ya moto za Sanborn, zilizochorwa ili kampuni za bima zijue jengo lipi litaungua haraka. Maktaba ya Bunge la Marekani inazo nyingi kwenye intaneti. Rangi zake ni lugha: njano ni nyumba ya mbao, waridi ni matofali, samawati ni mawe. Kituo cha reli na nyumba ya mashine vikiwemo, utaona vilijengwa kwa nini. Kisha zitafute picha zilizopigwa kutoka angani katika jimbo lenu lote la Pennsylvania kati ya 1937 na 1942. Zimewekwa kwenye intaneti kwa jina la Penn Pilot. Miaka hiyo reli zote mbili zilikuwa hai, kwa hiyo utaziona zote kwa mara moja, hii imenyooka, hii imepinda. Weka picha hiyo juu ya ramani ya leo kwenye kompyuta, mwanao wa sekondari atakusaidia, na mawe yako yatapata jina.

Majina ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Tuanze na jina la mji wenyewe. Mwaka 1891 serikali ya Marekani iliamua kwamba miji yote yenye mwisho kama wenu iandikwe bila herufi h, ikawa "Pittsburg", na h haikurudishwa rasmi mpaka 1911. Knoxville Incline ilizaliwa mlangoni mwa kipindi hicho. Ukitafuta kwa tahajia ya leo tu, utakosa miaka ishirini ya magazeti. Halafu Knoxville yenyewe haikuwa sehemu ya Pittsburgh wakati huo. Ulikuwa mji mdogo wenye serikali yake, uliomezwa na Pittsburgh mwaka 1927. Mount Oliver mpaka leo haujamezwa, ingawa Pittsburgh imeuzunguka pande zote. Ng'ambo ya pili, mji wa Allegheny ulijitegemea hadi 1907. Mambo haya yanaamua karatasi zako ziko katika daftari la mji gani.

Knoxville Incline iliitwa pia Pittsburgh Incline. Fikiria mtu anavyotafuta neno hilo kwenye intaneti! Na ukiandika "Knoxville" peke yake, kompyuta itakupeleka jimbo la Tennessee, ambako kuna mji mkubwa wa jina hilo, na mbaya zaidi, jimbo hilo hilo lina reli maarufu ya mteremko huko Chattanooga. Mimi nimewahi kusoma makala iliyochanganya hizo mbili bila mwandishi kujua. Ongeza neno Allentown, au Warrington, au South Side, kelele itapungua. Tena, watu wa kawaida walisema "incline", lakini sheria, hati na kampuni zilisema "inclined plane", na pengine "incline plane". Tafuta yote matatu. Na kompyuta inaposoma magazeti yaliyofifia huchanganya herufi: c na l zikikaribiana huzisoma kama d, neno likawa "indine". Ni neno lisilo na maana, lakini andika hivyo hivyo kwenye kisanduku cha kutafutia. Nimeokota habari nzuri sana kwa njia hiyo.

Kuhusu magazeti nitasema machache. Pittsburg Dispatch la miaka ya 1889 hadi 1892 linasomeka bure kwenye hazina ya magazeti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na hiyo ndiyo miaka ya kuzaliwa kwa reli yako. Usitafute habari za ufunguzi tu, soma matangazo ya viwanja, ajali, kesi za fidia. Kumbuka wakazi wa mteremko huo walisoma Kijerumani, na mji ulikuwa na magazeti ya Kijerumani. Ukipata rafiki anayesoma zile herufi zao za zamani, una dirisha ambalo wachache wamelifungua. Onyo moja: gazeti la asubuhi linasema "jana", la jioni linasema "leo", kwa tukio moja. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii niliwahi kuandika ajali mbili mahali palipokuwa na moja, na ikanibidi niombe radhi hadharani.

Kwenye picha, mji ulikuwa na mpiga picha wake rasmi kuanzia mwaka 1901, na picha hizo nazo ziko Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alitumwa kupiga mifereji mibovu na barabara zilizobomoka, na nyuma ya mfereji, bila yeye kukusudia, utaona nguzo za reli. Napenda picha za namna hiyo kuliko zile za kupendeza, kwa sababu zimeandikwa tarehe. Kadi za posta ni nzuri kutazama lakini tarehe zake ni za kuhojiwa. Muhuri wa posta unakuambia lini kadi ilitumwa, picha yenyewe inaweza kuwa na umri wa miaka mingi zaidi. Igeuze nyuma. Marekani iliruhusu mgongo wa kadi ugawanywe, ujumbe upande huu na anwani upande ule, kuanzia tarehe 1 Machi 1907. Mgongo usiogawanywa kwa kawaida ni wa kabla ya hapo.

Hatimiliki ziko kwenye ofisi ya kaunti ya Allegheny. Pale usiulize "reli", uliza jina la kampuni kama mnunuzi, kisha kama muuzaji. Mauzo ya kwanza yatakuonyesha ilianza lini kujikusanyia ukanda wake, mauzo ya mwisho yatakuonyesha nani alinunua mlima reli ilipong'olewa, na pengine ni huyo au mrithi wake unayepaswa kumwomba ruhusa ya kuingia kichakani. Kwa karatasi zisizo kwenye intaneti, nenda maktaba ya nyaraka iliyomo Heinz History Center, na chumba cha Pennsylvania katika Maktaba ya Carnegie, mtaa wa Oakland. Waandikie kabla ya kwenda, uwaambie jina la reli, barabara za juu na za chini, na miaka. Mhifadhi nyaraka akipata hayo matatu, ataweza kukuandalia maboksi kabla hujafika.

Umeuliza kuhusu hesabu zinazopingana. Kila mmoja anahesabu kitu chake. Je, zile za makaa ya mawe zimo, au za abiria tu? Zile za upande wa kaskazini, zilizojengwa wakati Allegheny ni mji mwingine, zimo? Monongahela Incline ilikuwa na pacha wake wa mizigo, sambamba nayo kabisa, kati ya 1884 na 1935. Hiyo ni moja au mbili? Penn Incline iliitwa pia Seventeenth Street Incline, na asiyejua ataihesabu mara mbili. Kwa hiyo usichague namba ya mtu. Waandikie wanao unahesabu nini, kisha hesabu mwenyewe. Tarehe nazo ni hivyo hivyo: kampuni inasajiliwa mwaka huu, ujenzi unaanza mwaka ule, abiria wanapanda mwaka mwingine, na kila orodha imechukua mmojawapo.

Kilichoziua kinajulikana zaidi: treni za umeme za mjini zilizopitishwa ndani ya mlima kwa handaki mwaka 1904, kisha handaki za magari za Liberty mwaka 1924, kisha kila nyumba kuwa na gari lake. Hata Duquesne ilifungwa mwaka 1962. Wakazi wa juu ndio waliochangisha fedha, ikafunguliwa tena Julai 1963, na chama chao ndicho kinachoiendesha. Knoxville ilikuwa imekwenda miaka miwili tu kabla ya hapo. Hilo huniuma kila nikilifikiria.

Sasa, kabla ya maktaba na kabla ya kaunti, nenda kwa jirani yako, na uende wiki hii. Mtu wa miaka themanini na kitu alikuwa kijana reli ya Knoxville ilipofungwa, kwa hiyo huenda hana habari ya babake peke yake, alipanda mwenyewe. Mwombe ruhusa umrekodi kwa simu. Usimuulize miaka, watu hukosea miaka. Muulize mlango wa behewa ulifungukaje, nani alikusanya nauli, kulikuwa na harufu gani, magari ya mizigo yalikaa wapi, behewa lilitoa sauti gani lilipofika kwenye kona, na mabehewa mawili yalipopishana walikuwa wakipungiana mikono au la. Kisha chapisha karatasi ya Hopkins ya mteremko wenu, kubwa kiasi cha kufunika meza, uifunike kwa karatasi inayopitisha mwanga, umpe kalamu, na umwache achore mwenyewe njia ilikopita.